Anza na Mnara, Simu Baadaye: Namna ya Kuchagua Simu Janja na Mtandao

Mtu akitaka kubadili simu, swali la kwanza huwa "ninunue simu gani?", la pili "bei gani?", na mtandao hauulizwi kabisa. Laini anayo tayari, aliisajili miaka mingi iliyopita kwenye meza ya wakala karibu na stendi, na ataihamishia kwenye simu mpya kama alivyofanya mara zote. Nadhani mpangilio huu ndio unaowagharimu watu. Simu inategemea mnara ulio karibu nawe, na mnara huo una mwenyewe. Ukishajua ni mnara wa nani unaokuhudumia pale unapolala na pale unapofanyia kazi, maswali mengi kuhusu simu yanapata jibu.

Nitaeleza kwa mazingira ya Tanzania kwa kuwa ndiyo ninayoyafahamu kwa karibu, ingawa mengi yanamfaa pia msomaji aliyeko Mombasa, Kampala au Bukavu.

Mnara ni wa nani?

Laini zinazouzwa mtaani ni za kampuni tano: Vodacom, Yas, Airtel, Halotel na TTCL. Yas ndiyo Tigo ya zamani. Ilibadili jina Novemba 2024, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Zantel, iliyokuwa na mizizi yake Zanzibar, nayo imeingia humo humo. Halotel ni ya Viettel ya Vietnam, ilianza huduma mwaka 2015. TTCL ni shirika la umma.

Hakuna hata moja iliyo bora nchi nzima. Anayekwambia "mtandao fulani ndio wenyewe" anakupa habari za mtaa wake. Sababu mojawapo ni ya kifizikia. Minara hurusha mawimbi ya masafa tofauti. Masafa ya chini, kama 700 na 800 MHz, hufika mbali na hupenya kuta. Masafa ya juu, kama 1800, 2100 na 2600 MHz, kwa kawaida hubeba data nyingi zaidi lakini huchoka mapema, na ukuta wa tofali nene unatosha kuyadhoofisha. Ni kama muziki wa jirani: besi inakufuata mpaka chumbani, sauti ya mwimbaji inabaki kwake. Ndiyo maana unaweza kusimama barazani ukapata kasi nzuri, ukaingia ndani video ikaanza kukwama, wakati mwenzako wa mtandao mwingine anaendelea bila shida. Huenda mnara wake uko karibu zaidi, au anahudumiwa na masafa ya chini.

Sababu nyingine ni ya kibiashara. Kampuni hujenga penye wateja wengi, na vijijini hujenga zaidi pale zinapopata ruzuku ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF. Mei 2023, mjini Dodoma, ulisainiwa mradi wa minara 758 katika kata 713. Kazi iligawanywa hivi: Tigo minara 262, Vodacom 190, Airtel 168, TTCL 104 na Halotel 34. Angalia hesabu hiyo kwa jicho la mwananchi. Kata nyingi zimepata mnara mmoja, wa kampuni moja. Mwalimu au muuguzi anayepangiwa kituo huko hana cha kuchagua kwa mapenzi. Mtandao wake umeshaamuliwa na nani alipewa kata ile. Kabla ya kununua chochote, ampigie mtu anayeishi huko amuulize laini gani inashika, tena amuulize inashika ndani ya nyumba au mpaka apande kilimani.

Kwa wengine, kupima ni rahisi na hakuhitaji mtaalamu. Kwenye simu nyingi za Android ingia Mipangilio, halafu Kuhusu simu, halafu Hali ya SIM. Utaona nguvu ya mawimbi imeandikwa kwa kipimo cha dBm, nayo ni namba hasi. Kwa 4G, -85 ni nzuri, -100 inavumilika, -115 ni taabu. Vile vijiti vinavyoonekana juu ya kioo visikudanganye, kwa sababu kila kiwanda kinaamua chenyewe vijiti vinne vimaanishe nini. Omba laini ya ndugu au jirani wa mtandao mwingine, iweke kwenye simu hiyo hiyo, simama mahali pale pale, soma namba. Rudia chumbani, na rudia kazini.

Kisha pima tena kati ya saa mbili na saa nne usiku. Saa hizo watu wamerudi nyumbani, kila mmoja anafungua video, na wote wanagawana mnara mmoja. Mtandao wenye mawimbi mazuri unaweza kuwa wa polepole kuliko wenye mawimbi ya wastani, kwa sababu tu wateja wake wamejaa mtaa huo. Nimeona watu wakitupa lawama kwa simu, wakaipeleka kwa fundi, wakaifuta yote, kumbe tatizo ni foleni ya mnara.

Kuna jambo la betri pia ambalo halisemwi vya kutosha. Mawimbi yakiwa dhaifu, simu huongeza nguvu ya kurusha ili isikike mnarani, na hutafuta mnara mwingine kila mara. Chaji inaisha adhuhuri. Mtu anaenda kununua simu yenye betri kubwa zaidi, na kumbe angebadili laini ya shilingi 1,000 kwanza angeona tofauti.

Hesabu ya bando

Chukua karatasi. Tuseme unajiunga kifurushi cha siku cha shilingi 1,000, na kwa mwezi unajiunga mara 26. Hiyo ni shilingi 26,000. Kwa miaka mitatu, ambao ndio umri wa kawaida wa simu kabla hujaichoka, ni shilingi 936,000. Watu wengi wanabishana siku nzima Kariakoo kupunguziwa elfu kumi kwenye bei ya simu, na hawajawahi kujiuliza kama kifurushi cha mwezi cha mtandao mwingine kingewaokolea laki moja kwa mwaka.

Kulinganisha vifurushi ni kazi ya kuchosha kwa sababu vimechanganywa makusudi: dakika, SMS, data ya kawaida, data ya usiku, data ya mitandao ya kijamii peke yake. Ukiona "GB 5", uliza ngapi kati yake zinatumika saa yoyote na kwa programu yoyote. Hizo ndizo za kugawanya kwa bei. Data ya kuanzia saa sita usiku ina faida kwa anayepakua mihadhara au filamu, na kwa anayelala haina faida yoyote. Video ya ubora wa wastani hula takriban nusu GB kwa saa, kwa hiyo anayetazama mpira kwenye simu na anayetuma ujumbe wa WhatsApp ni wateja wawili tofauti kabisa, hata kama wanakaa chumba kimoja.

Zamani kilichowafunga watu kwenye mtandao mmoja kilikuwa bei ya kupiga nje ya mtandao. Hilo limebadilika, na ni vizuri kujua kwa nini. Ukipiga kutoka kampuni moja kwenda nyingine, kampuni yako huilipa ile nyingine ada ya kuunganisha kwa kila dakika, na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ndiyo inayopanga ada hiyo. Mwaka 2018 ilikuwa shilingi 15.60, ilishushwa mwaka hadi mwaka mpaka ikafika shilingi 2 mwaka 2022. Hilo limesaidia vifurushi vya "mitandao yote" kupatikana kwa bei ya kueleweka. Kwa hiyo ile sababu ya "familia yote iko mtandao huu" bado ina uzito kidogo, ila si kama ilivyokuwa. Piga hesabu upya.

Haki zako pia zipo. Mwaka 2021, baada ya kelele kubwa za bei mpya za vifurushi mwanzoni mwa Aprili, Serikali ilisitisha bei zile, lakini kanuni za TCRA za mwaka huo zina mambo ya kumlinda mteja: kampuni ikuarifu kifurushi kinapofika asilimia 75 na kinapoisha, na ikupe nafasi ya kuamua kama unataka kuendelea kwa bei ya kawaida baada ya kifurushi kwisha. Kama salio lako linayeyuka baada ya bando kwisha, ingia kwenye menyu ya mtandao wako utafute pa kufunga matumizi ya nje ya kifurushi. Wengi hawajawahi kufungua menyu hiyo.

Pesa ndiyo inayowafunga watu

Ukiniuliza kwa nini mtu anang'ang'ania laini isiyoshika vizuri nyumbani kwake, nitakujibu: pesa. M-Pesa, Mixx, Airtel Money, HaloPesa na T-Pesa zimekuwa benki ya mfukoni, na mtu hahami benki kirahisi.

Kutuma kwenda mtandao mwingine si tatizo tena. Makubaliano ya kuunganisha mitandao yalianza 2014, Vodacom ikaingia 2016, na sasa kuna mfumo wa malipo ya papo hapo wa Benki Kuu, TIPS, unaounganisha mitandao na mabenki. Kinachobaki ni mambo mawili. La kwanza ni wakala. Kijiji chenye mawakala wanne wa mtandao mmoja na mmoja wa mwingine asiyekuwa na salio kila mwisho wa mwezi kimeshakuchagulia. La pili ni historia yako ya mikopo. Kama una kiwango kizuri kwenye huduma za mikopo kama Songesha ya M-Pesa au Bustisha ya Mixx, kilijengwa kwa miezi mingi ya kuweka na kutoa kwenye laini hiyo, na ukihama unaanza sifuri. Kwa mama ntilie anayenunua mchele asubuhi kwa mkopo huo na kurudisha jioni, hii si hoja ndogo. Kwake yeye mtandao wa pesa ndio mkuu, na data aitafute kwa laini ya pili.

Kuhama bila kubadili namba kunaruhusiwa tangu Machi 2017. Unakwenda kwa wakala wa mtandao unaoutaka ukiwa na namba yako ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, unasajiliwa kwa alama za vidole, unatuma neno HAMA kwenda 15080, na laini mpya inachukua namba ya zamani. Kabla hujatuma neno hilo, maliza salio na bando, toa au hamisha pesa yote, na lipa deni lolote, kwa sababu vitu hivyo havihami na namba. Utaratibu huu ni mzuri na nasikitika kwamba watu wengi hawautumii. Wanaona ni rahisi zaidi kubeba laini mbili. Nao hawajakosea sana. Laini moja ya pesa na namba inayojulikana, nyingine ya data inayoshika nyumbani, simu moja yenye nafasi mbili: kwa Mtanzania wa kawaida huo ndio mpango ninaoupendekeza. Ila laini ya pili iwe hai. Isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba yake hupewa mtu mwingine, na mtu huyo atapokea ujumbe wa siri wa akaunti zako ulizosajili kwa namba hiyo.

Unapochukua laini mpya, wakala akikwambia "kidole hakijasoma, weka tena", na tena, na tena, kuwa macho. Wapo wanaotumia nafasi hiyo kusajili laini nyingine kwa jina lako. Ukitoka hapo piga *106# uangalie ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, nenda dukani kwa kampuni husika ikafungwe siku hiyo hiyo.

Sasa, simu

Simu nyingi za bei ya chini na ya kati madukani ni TECNO, Infinix na itel, na zote tatu ni za kampuni moja ya China, Transsion. Kuna Samsung, Redmi, Oppo, Vivo, na upande wa juu iPhone na Pixel. Sitakuambia ununue ipi kwa jina, kwa sababu majina hubadilika kila baada ya miezi sita. Nitakuambia utazame nini.

Nafasi ya kuhifadhia ndiyo inayoua simu nyingi za bei nafuu kabla ya wakati wake. GB 32 zinazotangazwa hupunguzwa na mfumo wenyewe kabla hujaweka picha moja. Ongeza makundi ya WhatsApp, la harusi, la msiba, la kikoba, la wazazi wa darasa la tatu, kila moja likimwaga video, na ndani ya mwaka simu inaandika "nafasi imejaa" na kugoma kusasisha programu. Kadi ya kumbukumbu haisaidii sana hapo, maana WhatsApp yenyewe haihamii kwenye kadi. Kwa leo naona GB 128 ndiyo ya kuanzia kwa mtu mzima mwenye shughuli, na 64 ikiwa mfuko umebana kweli.

RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo programu zilizofunguliwa hufanyia kazi, ni habari nyingine, na hapa kuna ujanja unaowapoteza wengi. Boksi limeandikwa "16GB RAM" kwa herufi kubwa, na pembeni kwa herufi ndogo "8+8". Nane za kwanza ni RAM halisi. Nane za pili zimekopwa kutoka kwenye nafasi ya kuhifadhia, ambayo ni ya polepole mno kulinganisha na RAM ya kweli. Soma namba ya kwanza tu. Simu yenye RAM ya 2GB hutumia toleo jepesi la Android, na tangu Android 13 Google hairuhusu chini ya hapo. Itapiga, itafungua WhatsApp, lakini ukitoka kwenye programu ya benki kusoma SMS ya uthibitisho na kurudi, utakuta programu imejifunga na inakutaka uanze upya. Nne ni ya kuvumilika, sita ni raha.

Baada ya hapo uliza masasisho. Simu isiyopata masasisho ya usalama ni simu yenye milango isiyofungika, na hiyo ndiyo simu unayowekea pesa. Samsung iliahidi miaka saba kwa Galaxy S24 ya mwaka 2024, Google ilikuwa imeshafanya hivyo hivyo kwa Pixel 8 mwaka 2023, na Samsung imeshusha ahadi ya miaka sita mpaka kwenye Galaxy A16, simu ya watu wa kawaida. Simu nyingi za bei ya chini hazina ahadi ya namna hiyo. Na muda unahesabiwa tangu aina hiyo ya simu ilipoingia sokoni kwa mara ya kwanza, si tangu ulipoinunua wewe. Anayenunua iPhone 6 ya mtumba kwa kuwa "ni aifoni" ajue kwamba tangu Mei 2025 WhatsApp inataka iOS, mfumo wa iPhone, toleo la 15.1 kwenda juu, na simu hiyo haiwezi kufika huko.

Kamera nitaipita haraka. Megapikseli 50 kwenye simu ya bei nafuu hupatikana kwa vipande vidogo sana vya kunasa mwanga, na picha ya kawaida huunganisha vinne kuwa kimoja, kwa hiyo unachopata ni kama 12. Zile lensi mbili ndogo za pembeni za megapikseli 2 hazina kazi ya maana. Piga picha ya mtu ndani ya duka penye mwanga hafifu, ikuze, uamue kwa macho yako.

Kuhusu 5G: Vodacom iliizindua Septemba 2022 na wengine wakafuata, hasa mijini. Ukiwa unakaa mahali inapofika na tofauti ya bei ni ndogo, chukua. Ukiwa mahali ambapo hata 4G inasuasua, pesa hiyo iweke kwenye RAM na nafasi.

Swali moja la mwisho kabla ya kulipa, nalo watu hulisahau: kioo kinauzwa bei gani? Nenda kwa fundi wa mtaani kwako umtajie aina hiyo ya simu. Vioo vya AMOLED, vile vyenye rangi kali na weusi mzito, vinaweza kugharimu sehemu kubwa ya bei ya simu yenyewe, na simu zisizouzwa sana hapa kioo chake huagizwa. Hii ndiyo nguvu ya kweli ya TECNO na wenzake: fundi yeyote anazijua, vipuri vipo, na kuna vituo vya matengenezo vya Carlcare kwa zenye dhamana.

Simu ya kuletewa

Zanzibar, Tanga, Mombasa, na kila nyumba yenye ndugu Muscat, Dubai au Marekani, simu nyingi huingia kwenye begi la mgeni. Ni zawadi nzuri, ila ndugu yako aambiwe mambo haya kabla hajalipa.

Kwanza, tundu la laini. iPhone zote zinazouzwa Marekani kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022 hazina tundu la kadi. Zinatumia eSIM tu, laini iliyomo ndani ya simu isiyo na kadi ya kushika. Kuanzia iPhone 17, iliyotoka Septemba 2025, hata zile zinazouzwa Oman, Falme za Kiarabu, Saudi Arabia, Qatar, Kuwait na Bahrain ziko hivyo hivyo. Na iPhone Air haina tundu popote duniani. Ipo mitandao ya hapa inayotoa eSIM, lakini utahitaji kwenda kwenye duka lake, na siku simu ikiharibika huchomoi kadi ukaiweka kwenye kitochi cha jirani. Kwa anayetegemea laini ya pesa kila siku, hilo ni la kufikiria sana. iPhone za soko la China bara zimezoeleka kuwa na nafasi ya kadi mbili za kawaida, ndiyo maana baadhi ya wauzaji huzitafuta.

Pili, simu iliyofungwa mtandao. Marekani kampuni za simu zimezoea kuuza simu kwa mkataba (Japani nako ilikuwa hivyo mpaka mwaka 2021), na simu hubaki imefungwa kwa laini ya kampuni hiyo mpaka deni liishe. Ikifika hapa na laini yetu, inaandika kwamba kadi haikubaliki. Kwenye iPhone utaona wazi: Mipangilio, Jumla, Kuhusu, sehemu ya kufungwa na mtandao. Inatakiwa isomeke kwamba hakuna vizuizi.

Tatu, bendi, yaani vipande vya masafa ambavyo simu inaweza kuvishika. Simu za bei ya juu hubeba karibu bendi zote za dunia. Simu za bei nafuu za kampuni za Marekani hutengenezwa kwa bendi za kwao, kama 2, 12, 13, 66 na 71, na zinaweza kukosa 20 na 28, ambazo ndizo bendi za 800 na 700 MHz za huku kwetu. Matokeo yake simu inawaka, inapiga, mjini inakwenda vizuri, na ukifika kijijini inapotea wakati TECNO ya shemeji imejaa mtandao. Andika jina kamili la modeli, pamoja na herufi za mwisho, utafute orodha ya bendi zake: 3 (ile ya 1800 MHz), 20 na 28 ziwepo.

Mtaa wa Aggrey

Kariakoo, kwenye mitaa ya simu kama Aggrey, kabla hujafika dukani utapokelewa na winga. "Kaka, aifoni? Samsung? Njoo uone, bei ya jumla." Winga hana duka, anakupeleka kwa mwenye duka na malipo yake yako ndani ya bei utakayotajiwa. Ni kazi halali na wapo waaminifu, ila kama unajua unachotaka, ingia dukani mwenyewe.

Simu mpya au iliyotumika, piga *#06#. Zitatokea tarakimu 15 za IMEI, namba ya utambulisho wa simu, seti mbili kama simu ni ya laini mbili. Zilingane na zilizoandikwa kwenye boksi. Kisha zitume kwa SMS kwenda 15090, huduma ya TCRA, na jibu litakutajia aina ya simu iliyosajiliwa kwa namba hizo. Ukiwa umeshika Samsung na jibu linataja simu nyingine, irudishe. TCRA ilizifungia simu feki Juni 2016, na tangu hapo IMEI bandia ni hatari ya kuamka asubuhi na simu isiyoshika mtandao wowote.

Kwa iliyotumika usikubali kuonyeshwa ikiwa imeshawashwa na kuandaliwa. Mwambie muuzaji aifute yote mbele yako na iwake upya. Ikiomba barua pepe au nywila ya mtu usiyemjua, iwe ya Google au ya Apple, simu hiyo si yake kuiuza, na maneno ya "nitakutolea hiyo, dakika mbili tu" yasikushawishi. Ufunguo wa njia za panya hurudi kujifunga ukisasisha. Weka laini zako zote mbili, piga simu, sikiliza, jirekodi. Andika ukipitisha kidole kwenye kila kona ya kioo. Kwenye iPhone angalia afya ya betri. Chini ya asilimia 80 hesabu gharama ya betri mpya kwenye bei. Mwangaza uuwashe hadi mwisho kwenye ukurasa mweupe, na madoa ya kioo yatajionyesha. Yote haya huchukua kama robo saa, na muuzaji anayekasirika ameshakujibu.

Risiti iwe ya EFD, ile mashine ya kodi, na IMEI iandikwe juu yake. Ikiibwa, polisi watakuuliza namba hiyo kwanza.

Simu ya kulipia kidogo kidogo

Kenya mpango huu ulishika kasi baada ya Safaricom na Google kuanzisha Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020, shilingi 20 za Kenya kwa siku, na Tanzania mikopo ya simu sasa iko kila mahali. Umewapa watu wengi simu yao ya kwanza ya 4G, na siupingi. Lakini simu hiyo ina programu ya kuifunga iliyoingizwa ndani kabisa. Kuifuta simu hakuiondoi. Usipolipa, kioo kinafungwa na kinachobaki ni namba ya kupigia kampuni. Kwa mfanyabiashara, siku mbili za kufungiwa ni siku mbili bila wateja na bila lipa namba. Na ukinunua kwa mtu simu ya mkopo ambao haujaisha, umenunua deni lake.

Zidisha malipo ya siku kwa idadi ya siku zote, ongeza kianzio, linganisha na bei ya taslimu ya simu ile ile dukani. Halafu, kabla hujaweka kidole kwenye mashine ya usajili, mwambie wakala akuandikie kwenye karatasi: jumla utakayolipa mpaka mwisho, simu inafungwa baada ya kuchelewa siku ngapi, na nani unampigia ili ifunguliwe kabisa siku deni likiisha.